Wasifu wa mzee aliyekuwa askari na mtu wa kujitolea: mwongozo kamili kwa familia

Kwenye msiba mmoja Kitangiri, hapa Mwanza, nilisikiliza wasifu wa marehemu ukisomwa kwa dakika kumi na mbili. Dakika saba kati ya hizo zilikuwa za ugonjwa. Tuliambiwa presha ilianza lini, sukari iligunduliwa wapi, alilazwa mara ngapi na alikata roho saa ngapi. Jeshi la Wananchi wa Tanzania alilolitumikia zaidi ya miaka ishirini likapata sentensi moja: "Marehemu aliwahi kuajiriwa na JWTZ." Miaka yote aliyowafundisha vijana wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, huduma ya kwanza, bila kulipwa hata nauli, haikutajwa kabisa. Nyuma yangu alikaa mama mmoja muuza dagaa. Akanung'unika, tena si kwa kunong'ona: "Hawa wanamzika mgonjwa. Afande wamemwacha wapi?"

Mimi ni katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana mtaani kwetu, Kirumba, na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, kazi ya kuandika wasifu huniangukia. Wazee wa aina hii nimewaandika kadhaa, akiwemo baba yangu mkubwa. Ugumu wao ni mmoja. Jeshi huandika kila kitu: namba, cheo, kikosi, tarehe. Kujitolea hakuandikwi popote. Familia ikitegemea karatasi tu, nusu ya mzee inabaki nje ya kaburi na nje ya kumbukumbu. Hizi ndizo hatua ninazofuata.

Kama mzee bado yupo, anza wiki hii

Usingoje alazwe. Mtu aliye kwenye dripu hasimulii, anaitikia tu.

Mwendee asubuhi baada ya chai, akili ikiwa imetulia na mapafu yana nguvu. Nenda peke yako au na mjukuu mmoja anayempenda. Mbele ya umati mzee huanza kuhutubia. Simu iweke juu ya kanga iliyokunjwa ili isirekodi mitetemo ya meza, na izime mawasiliano, maana simu ikiingia katikati mara nyingi rekodi inakatika na hutajua mpaka jioni. Mwanzoni taja kwa sauti tarehe, mahali na jina lake. Nusu saa inatosha, utarudi kesho.

Sasa maswali. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Siku ya kwanza nilimwuliza baba mkubwa, "Shikamoo baba. Hebu nieleze, vita ya Kagera ilikuwaje?" Akajibu, "Marahaba. Vita ni vita." Akamalizia chai yake, akaenda kuangalia mbuzi. Wiki iliyofuata nilimwuliza kitu kingine: "Baba, walikupa buti saizi gani?" Akacheka. Alipewa namba tisa ilhali yeye huvaa saba. Akachana kipande cha blanketi, akakijaza mbele ya kidole gumba, na kwa kile kipande alitembea tangu mpakani Mutukula mpaka alipofika Masaka, ambako alipata buti nyingine. Kutoka kwenye buti akaenda kwenye mvua, kutoka kwenye mvua kwenye rafiki yake wa Musoma aliyekuwa anamkaushia soksi kifuani, na kutoka kwa rafiki yule akanyamaza muda mrefu. Sikumharakisha. Simu iliendelea kurekodi kunguru wa kwenye mwembe.

Kwa hiyo uliza vitu vidogo vinavyoshikika: chakula cha kwanza kambini, mshahara wa kwanza ulinunua nini, nani alimwandikia barua, wimbo gani waliimba kwenye mchakamchaka, usiku gani alisikia baridi kuliko zote. Usimwulize askari aliua wangapi. Akitaka atasema mwenyewe, na akisema, hicho ni chake na chako, si cha kusomwa mbele ya wajukuu. Akilia, mpe maji, ahirisha.

Kama Kiswahili chake huchoka haraka, mwache azungumze Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kihaya. Tafsiri itafanywa baadaye. Mzee mmoja wa Ukerewe alinisimulia kwa Kiswahili habari kavu kama taarifa ya habari. Mkewe alipoingia akamsalimu kwa lugha yao, simulizi ileile ikatoka upya, na safari hii ilikuwa na harufu na majina ya watu.

Mwisho wa kila kikao mwonyeshe picha moja ya zamani, akutajie walioko ndani yake. Andika majina nyuma ya picha kwa penseli. Wino wa kalamu hupenya, na baada ya miaka michache utaona doa kwenye paji la uso la mtu.

Sanduku la bati

Karibu kila askari mstaafu ana sanduku lake uvunguni. Akishafariki, lifunguliwe mbele ya mjane na angalau watu wawili wa familia, na kila kitu kipigwe picha kabla hakijasogezwa. Mara nyingi utakuta hati ya kustaafu, barua za uhamisho, vyeti vya kozi, kitabu cha benki, picha za parade na nishani. Nishani za baba mkubwa zilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki wa chumvi, zimefungwa kwa kamba ya kiatu. Chini yake kulikuwa na filimbi nyeusi ambayo hakuna aliyejua ni ya nini. Nitairudia.

Karatasi za nyumba za kando ya ziwa hunyonya unyevu. Usizianike juani, zitakunjamana na wino utafifia. Zitandaze ndani, kivulini, kisha ziingize kwenye bahasha za kaki, moja moja. Usizipeleke kupigwa leminesheni hata kama kijana wa steshenari atakushauri. Hati asili ikishagandishwa kwenye plastiki haitoki tena, na ofisi nyingine huikataa.

Mambo mawili hayana mjadala. Ukikuta risasi au kitu chochote kinachofanana na bomu, usikiguse, ita polisi. Na nguo za jeshi si urithi. Raia haruhusiwi kuvaa sare za JWTZ, kwa hiyo ile picha tamu ya mjukuu amevaa kombati ya babu siku ya mazishi itawaingiza matatani. Zikunjeni, mziulizie mahali pa kuzirudisha.

Kunyoosha miaka

Tarehe za wazee wetu zinateleza. Kitambulisho kinasema kazaliwa 1952, cheti cha ubatizo 1949, na dada yake anaapa kwamba maji ya ziwa yalipopanda yeye alikuwa bado ananyonya. Usichague tarehe kwa kukisia. Tengeneza kalenda ya matukio na umpachike mzee ndani yake.

Kalenda yangu ya Kanda ya Ziwa ina nguzo hizi. Uhuru, 9 Desemba 1961, na miaka iliyofuata ambapo maji ya ziwa yalipanda sana yakala mashamba ya ufukweni. Kuanzishwa kwa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, 1963. Maasi ya askari wa Tanganyika Rifles, Januari 1964, na kuundwa kwa JWTZ, 1 Septemba mwaka huohuo. Azimio la Arusha, Februari 1967. Vijiji vya ujamaa na njaa ya katikati ya miaka ya sabini, wakati wa unga wa yanga, yaani wa mahindi ya njano. Vita ya Kagera, kuanzia Oktoba 1978. Sungusungu, walinzi wa jadi, kusambaa Usukumani mwanzoni mwa miaka ya themanini. Kuzama kwa MV Bukoba, 21 Mei 1996. Mvua za El Nino, 1997 hadi 1998. Kupinduka kwa MV Nyerere karibu na Ukara, 20 Septemba 2018.

Badala ya kuuliza "ilikuwa mwaka gani", uliza: "MV Bukoba inazama, ulikuwa umeshastaafu? Mtoto wako wa mwisho alikuwa darasa la ngapi?" Mwaka utajileta wenyewe.

Vita ya Kagera inahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu kila familia ina toleo lake. Majeshi ya Iddi Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978 na kulivunja daraja la Kyaka. Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa mwanzoni mwa Novemba. Majeshi yetu yaliingia Mutukula Januari 1979, Masaka Februari, yakapigana Lukaya Machi, na Kampala ikaanguka 11 Aprili. Mapigano yalisogea kaskazini mpaka mwanzoni mwa Juni. Kwa hiyo mtu akikwambia mzee "aliteka Kampala mwaka 1978", mrekebishe kwa upole. Lakini akikwambia mzee alirudi nyumbani 1981, usifute. Sehemu ya jeshi letu ilibaki Uganda mpaka mwaka huo, na wapo wake waliokuwa wameshakata tamaa. Mzee wa aina hiyo mara nyingi ana mtoto aliyemkuta anatembea.

Tofautisha pia askari wa JWTZ na mwanamgambo. Maelfu ya wanamgambo walikwenda vitani, wakapigana, wakarudi kwenye mashamba ya pamba bila pensheni ya jeshi. Si aibu na si uongo, ila ukimwandika mgambo kuwa Sajini wa JWTZ, wastaafu wenzake watakaokaa mstari wa mbele watatazamana. Cheo nacho kiwe kile cha mwisho alichostaafu nacho, kwa jina lake kamili: Koplo, Sajini, Sajinitaji, Afisa Mteule. "Afande" ni heshima ya mtaani.

Kuna kisa ambacho karibu kila mzee wa Mwanza wa rika hilo anacho: ndege ya kivita ya Libya iliyotumwa kumsaidia Amin ilikuja kulenga matangi ya mafuta hapa mjini, ikakosea, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua wanyama. Kisa ni cha kweli. Ila mhoji msimulizi wako alikuwa wapi siku hiyo, kwa sababu wapo wanaokisimulia kama walioona huku wakiwa mstari wa mbele, ng'ambo ya mpaka.

Kujitolea hakuna faili

Hii ndiyo hatua inayokula muda. Itengee siku mbili kamili hata kama msiba ni wa siku nne.

Andika orodha ya njia alizopita kila wiki: nyumba, msikiti au kanisa, zahanati, shule, ofisi ya mtaa, mwalo. Kisha itembee njia hiyo kwa miguu. Mwone balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa mtaa. Mwone muuguzi wa zamu, mwalimu wa shule ya msingi, katibu wa jumuiya ndogo ndogo au imamu, viongozi wa kikundi cha usimamizi wa uvuvi pale mwaloni, na watu wa Msalaba Mwekundu. Kama alikuwa mchangiaji damu, tafuta kadi yake, kwa kuwa hiyo ni karatasi moja adimu ya kujitolea yenye tarehe. Mwanaume anaruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo kadi yenye mihuri mingi si jambo la siku moja.

Usiulize "alikuwa mtu wa namna gani". Utajibiwa "alikuwa mtu wa watu", na sentensi hiyo tumeshazika nayo nusu ya Mwanza. Uliza: "Niambie siku moja uliyomwona kwa macho yako akifanya kazi."

Kwa swali hilo nilikwenda Mwaloni Kirumba kuulizia habari za baba mkubwa. Nilimkuta mama anageuza dagaa juu ya nyavu kwa fagio la chelewa, jua la saa nne likiwaka kwenye magamba mpaka unafumba macho.

"Mwangaluka mayu."

"Mwangaluka. Wewe si mtoto wa kwa Afande? Poleni sana."

"Tumeshapoa, mama. Natafuta habari zake. Siku moja tu, uliyoona mwenyewe."

Hakuacha kufagia. "Unamwona yule kijana anayebeba barafu? Alipokuwa na miaka minne alitumbukia hapo kwenye mitumbwi. Walipomtoa, wanaume wakamshika miguu, kichwa chini, wakawa wanamtikisa kama kuku. Afande akaja mbio, akapiga filimbi, nikajua kuna wizi. Akawafokea, 'Mlazeni chini!' Akamlaza, akampulizia pumzi mdomoni. Mara ya tatu, mara ya nne, mtoto akakohoa. Jumapili iliyofuata akatukusanya wote hapa mchangani, akatufundisha. Mtu aliyezama hatikiswi miguu juu. Ukimkuta hapumui, unampa pumzi kwanza. Tulikuwa tunamcheka, mzee mzima anapulizia dumu la maji. Sasa hapa mwaloni hata mtoto wa shule anajua."

Filimbi ikapata kazi yake. Kwenye wasifu sikuandika "alipenda kutoa elimu ya huduma ya kwanza kwa jamii". Niliandika filimbi, dumu na kijana wa barafu. Yule kijana alikuwepo kwenye mazishi, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linang'aa.

Kila kisa tafuta mtu wa pili wa kukithibitisha, hasa visa vya ajali za majini. MV Bukoba iliua mamia ya watu karibu kabisa na bandari yetu, na wengi wao wamezikwa Igoma. Mji mzima ulikuwa ufukweni siku zile, kwa hiyo ni rahisi mno kusema "alishiriki uokoaji". Alishirikije? Alibeba machela, aliendesha mtumbwi, aliandika majina, au aliwachemshia uji waliokesha wakisubiri ndugu? Uji ni kazi kubwa kama machela, na ukiandika uji kwa ukweli wasikilizaji watauona moshi wake.

Kuwaarifu wenzake wa jeshi

Fanyeni mapema, siku ileile ya kifo. Kambi iliyo karibu, ofisi ya Mshauri wa Mgambo wa wilaya, na Muungano wa Wanajeshi Wastaafu, yaani MUWAWATA, ndizo njia za kawaida. Msemaji wa familia aende na hati ya kustaafu, namba ya jeshi na kibali cha mazishi. Kama heshima za kijeshi zinapatikana au hazipatikani, watasema wao. Msitangaze kwenye WhatsApp kwamba kutapigwa mizinga kabla hamjajibiwa, maana nimeona umati unangoja gwaride ambalo halikupangwa na mtu yeyote.

Cheti cha kifo cha RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kifuatilieni bila kuchelewa. Mjane ataombwa hicho kwanza kila atakapofuatilia pensheni au mirathi.

Kuandika kwenyewe

Anza kuandika usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya mkesha, si asubuhi ya mazishi huku jeneza linafungwa. Kusoma kwa sauti ya kueleweka ni kama maneno 100 kwa dakika, na jua la Mwanza saa saba mchana halina huruma, kwa hiyo maneno 700 yanatosha. Marefu yake weka kwenye nakala ya familia.

Mpangilio wa kawaida haujavunjika: kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, watoto, imani, ugonjwa, kifo. Watu wanautarajia na una raha yake. Ninachobadilisha ni uzito. Kuzaliwa na shule, sentensi tatu. Jeshi, aya mbili, moja ya miaka na vyeo, nyingine ya kisa kimoja tu. Kujitolea, aya tatu au nne, kwa sababu waliokaa kwenye viti vya plastiki wamekuja kwa ajili ya hizo. Ugonjwa, sentensi moja: "Alianza kuugua mwezi wa pili, akafariki nyumbani kwake akiwa amezungukwa na wanawe." Jina la ugonjwa si mali ya umma, na jina la daktari au hospitali ambayo familia ina hasira nayo halina nafasi hapa. Malalamiko yana ofisi zake.

Tazama aya hii niliyoletewa na shemeji yangu: "Marehemu alikuwa mwema, mcheshi, mchapakazi, mpenda amani, mwenye upendo na mshauri wa wengi." Sifa sita na hakuna mtu ndani yake. Tulikaa chini, nikamwuliza: alimshauri nani? Baada ya kubishana kidogo tukapata hii: "Kila mwezi akipokea pensheni alipita duka la dawa la jirani, akalipa deni la mtu mmoja asiyemtaja. Muuzaji alikatazwa kusema. Leo ameturuhusu tuseme." Sentensi tatu. Pale makaburini watu wawili waligeukiana, kila mmoja akidhani alikuwa yeye.

Kwenye habari za vita usiandike mipango ya kikosi, idadi ya askari wala silaha zilizowekwa wapi, hata kama ni za zamani. Na usimfanye shujaa wa sinema. Askari wengi wa Kagera walitembea, waliloa, walingoja, wakaogopa, wakaendelea kutembea. Andika hivyo. Kama kuna mwenzake aliyefia vitani ambaye mzee alimtaja mpaka mwisho, mtaje kama familia yake ilivyoruhusu. Wengi wa waliopotea vitani wamelala kwenye makaburi ya mashujaa Kaboya, Muleba, na wapo wazee wetu waliokuwa wakipanda basi kwenda huko kila mwaka bila kumwambia mtu.

Kisha usome wasifu wote kwa sauti, peke yako, nje ya nyumba. Ulimi unapojikwaa, kata sentensi.

Kikao cha familia

Usisome wasifu hadharani kabla haujapita kwa mjane na kaka mkubwa wa ukoo. Hapa ndipo moto unapowaka, na mara nyingi si kwa sababu ya jeshi, ni kwa sababu ya watoto.

Askari wamehamahama. Tabora, Songea, Uganda, Msumbiji. Wakati mwingine kuna mama mwingine na watoto wengine, na wanakuja msibani na basi la usiku wakiwa na nyuso za marehemu. Msimamo wangu ni mmoja: watoto wote watajwe kwa idadi moja, bila neno "wa nje" na bila kupanga nani wa nyumba ipi. "Ameacha watoto tisa." Basi. Familia ikikataa, acha idadi kabisa, sema "watoto, wajukuu na vitukuu". Usiandike idadi ya uongo, kwa sababu yule uliyemwacha amekaa hapohapo, na bahati mbaya watu hurekodi. Viwanja, nyumba na nani anaachiwa nini havihusiki na wasifu.

Wakishakubaliana, mjane na msemaji wa familia waweke sahihi kwenye nakala moja. Ni kajambo kadogo, lakini kameniokoa mara mbili.

Siku yenyewe

Chagua msomaji asiyelia kirahisi: mjukuu wa kidato cha nne aliyezoea kusoma somo kanisani ni bora kuliko mtoto wa kwanza. Mpe karatasi iliyochapwa kwa herufi kubwa, upande mmoja tu, imeshikizwa kwenye ubao mgumu, maana upepo wa ziwa mchana hauna adabu. Nakala ya pili awe nayo mchungaji, padri au shehe. Kwa Waislamu maziko huenda haraka na wasifu mrefu hauna nafasi kaburini. Uwekeni kwenye hitma, tena mtakuwa mmepata siku za kukusanya vizuri zaidi.

Kama wapo wastaafu wenzake, mmoja apewe dakika tatu. Mwambieni mapema ni tatu. Mwanajeshi anaheshimu muda akiamriwa, asipoamriwa atawafikisha Kampala na kuwarudisha.

Baada ya arobaini

Msiba ukishaisha ndipo habari nzuri hasa zinapoanza kuja. Mtu atakusimamisha Buzuruga kwenye stendi, akwambie, "Mbona hukuandika ile ya mafuriko?" Beba daftari dogo. Nakala ya familia iachieni kurasa tupu mwishoni kwa ajili hiyo.

Rekodi za sauti zihamishwe kutoka kwenye simu mwezi huohuo. Simu huanguka majini, huibwa, hubadilishwa. Weka nakala kwenye flashi mbili, zikae nyumba mbili tofauti, na moja kwa mtu aliye nje ya mkoa. Kila faili liwe na jina linaloeleweka: jina la mzee, tarehe, mada. Faili linaloitwa "Sauti 0047" ni sawa na kutokuwa nalo.

Kumbukumbu ya mwaka si lazima iwe ya pilau peke yake. Tarehe 25 Julai ni Siku ya Mashujaa, na 14 Juni ni siku ya wachangia damu duniani. Familia ya mzee mmoja wa Igogo huenda kuchangia damu kila mwaka kwa jina la baba yao, wale wenye umri kati ya miaka 18 na 65 na uzito usiopungua kilo 50. Wajukuu wadogo hubaki nje wakigawa maji na soda. Hotuba hakuna.

Jiwe la kaburi msikimbilie. Ngojeni udongo ushuke, mvua mbili zipite. Fundi mpeni maandishi yaliyochapwa, si kwa mdomo, na mtu aende kuyasoma kabla saruji haijakauka. Kwa baba mkubwa fundi aliandika "Sajni". Tulimrudisha akaongeza ile "i", na ukiangalia kwa karibu utaona imebanwa kati ya j na n, ndogo kuliko wenzake. Filimbi hatukuizika. Iko mwaloni, imening'inizwa kwa kamba ya wavu kwenye banda la kupimia samaki, na yule kijana wa barafu ndiye anayeijua ilipo.